Makabidhiano ya Ukumbi Mkubwa

Watu hudhani ratiba ya masomo inajipanga yenyewe, kama vumbi juu ya kabati. Muhula unafunguliwa, mhadhiri anaangalia karatasi iliyobandikwa ukutani, anaona kipindi chake na ukumbi wake, anaenda zake. Hajui kwamba kuna mtu amekesha macho mbele ya kompyuta inayokwamakwama, akimsogeza huyu ili yule apate nafasi, akipokea simu za wanaotaka asubuhi tu, wasiotaka Ijumaa, na wasiotaka ngazi kwa sababu ya magoti. Mtu huyo ni mimi. Chuoni wananiita Mama Ratiba, wengine kwa heshima, wengine wakiwa wameshika viuno.

Kazi yangu kwa maneno machache ni kuzuia migongano. Mhadhiri mmoja asitakiwe sehemu mbili kwa wakati mmoja, na ukumbi mmoja usigawiwe madarasa mawili. Nikishatimiza hayo, kinachobaki ni hiari yangu. Ukinisalimia vizuri utapata ukumbi wenye feni. Ukinijia juu utapata ule wenye popo. Sisemi uongo na wala sioni aibu, kila aliyekalia kiti hiki alifanya hivyo.

Basi mwanzo wa muhula uliopita akaja yule wa Takwimu. Alihamishiwa kwetu kutoka chuo kingine, mwanamke wa makamo kama mimi, mrefu, amevaa miwani ya fremu nyekundu. Siku ya kikao cha kwanza cha walimu mume wangu, ambaye anafundisha Historia ya Elimu, alisimama kuchangia hoja, na kama kawaida yake akachomekea ule utani wake wa mfalme na mkalimani. Utani ule nimeusikia tukiwa wachumba. Nimeusikia mbele ya wazazi wangu, mbele ya wageni, mbele ya fundi bomba. Watu kikaoni walitabasamu kwa adabu wakarudi kwenye ajenda. Yule wa Takwimu alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

Jioni mume wangu aliendesha gari huku anapiga mluzi, njia nzima. Nilikaa kando yake na mkoba wangu mapajani nikijiambia kwamba mtu kupiga mluzi si kosa, na kwamba mtu kucheka si kosa pia. Roho haikunisikiliza. Ilikuwa imeshanichafuka, na ikichafuka roho yangu haitulizwi kwa hoja.

Kesho yake niliingia ofisini, nikafunga mlango, nikafungua ratiba. Niliwapanga wawili wale kama mtu anayetenganisha majogoo. Saa ambayo mume wangu yuko darasani, yule mwanamke yuko huru. Akiingia yeye darasani, mume wangu yuko huru. Asubuhi, mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa, hawakuwa na kipindi hata kimoja cha wote wawili kukaa bila kazi. Hakuna chai ya pamoja hapo, hakuna chakula cha mchana, hakuna kukutana chumba cha walimu kuzungumzia wafalme na wakalimani. Waratibu wenzangu wanapanga ratiba ili watu wasigongane. Mimi niliipanga ili watu wasionane, na ikapita kwa mkuu wa kitivo bila swali. Hata akanisifu kwamba mwaka huu nafasi za kumbi zimetumika vizuri.

Nilikaa kwa raha zangu karibu nusu ya muhula. Mume wangu bado alikuwa anapiga mluzi, lakini nilijiambia ni mazoea.

Aliyenitoa kwenye raha hiyo ni wifi yangu. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, na ni mkutubi wa chuo. Kazi imemfundisha kusema kwa sauti ya chini, kwa hiyo anapokuchoma hata jirani hasikii. Nilikwenda kurudisha kitabu, akakipokea, akakipekua kuona kama nimekunja kurasa, kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Wifi, hongera."

"Ya nini tena?"

"Ya makabidhiano."

Nikamwambia sijui anazungumzia nini.

"Usijitie hamnazo. Ratiba si unapanga wewe? Wanafunzi hapa hawana habari nyingine. Wanasema darasa la Historia siku hizi halina mtoro hata mmoja. Nikasema jamani, mdogo wangu kajifunza kufundisha uzeeni? Kumbe wanasubiri kipindi kiishe."

"Kiishe halafu?"

"Halafu aingie wa Takwimu." Akagonga muhuri kitabuni, taratibu, kama mtu anayekula kitu kitamu. "Nenda kaangalie mwenyewe, wifi. Mimi mdomo wangu una dhambi."

Nilirudi ofisini nikafungua ratiba, nikaliona kosa langu. Niwaeleze, maana kosa hili angeweza kulifanya mratibu tu. Mwaka wa kwanza wa ualimu ni wengi mno. Wakihama wote kwa pamoja ngazi zinaziba, kwa hiyo darasa hilo halihami. Linakaa Ukumbi Mkubwa asubuhi nzima, na wanaopishana ni walimu. Kwenye jedwali langu kipindi ni kisanduku, na kati ya kisanduku na kisanduku kuna mstari. Kisanduku cha Historia kilikuwa juu, cha Takwimu kilikuwa chini yake, karibu kila siku ya wiki. Nilikuwa nimevikagua visanduku vyote kimoja kimoja. Mstari sikuuangalia, kwa sababu mstari hauna jina la mtu. Lakini mstari ule ndio muda wa kupokezana ukumbi, mmoja anafuta ubao na mwingine anafungua mkoba. Katika kuwatenga nilikuwa nimewabandika mgongo kwa mgongo. Nilikuwa nimewapa miadi, tena yenye muhuri wa chuo.

Asubuhi iliyofuata nilichukua faili kwapani nikaenda Ukumbi Mkubwa, kisingizio changu kikiwa ni projekta inayolalamikiwa. Niliingia kwa mlango wa nyuma, nikasimama pale penye viti vilivyovunjika. Mume wangu alikuwa anamalizia. Alisema kipindi kimekwisha, na hakuna aliyenyanyuka. Kwa kawaida mwalimu akisema hivyo utasikia viti vinalia na simu zinawashwa. Hawa walitulia tuli.

Akaanza kufuta ubao. Mume wangu huyu, ambaye nyumbani hajui kitambaa cha meza kinatundikwa wapi, alifuta ubao kutoka pembe hadi pembe, akarudia, akainama kufuta na chini kule ambako hakuna anayeandika. Kisha akajipangusa mikono, akavuta shati likae sawa. Mlango wa mbele ukafunguka, na ile miwani nyekundu ikaingia.

Hawakugusana. Niseme haki, hawakugusana kabisa. Alimkabidhi kalamu ya ubao, yeye akaipokea, na mume wangu akasema kitu kwa sauti ya chini. Yule mwanamke akaanza kucheka, akavua miwani. Mume wangu akasimama pale akimtazama anavyocheka, meno yote nje, kama mtu aliyepewa zawadi akiwa hajui aishike vipi.

"Leo mafupi," alisema kijana mmoja mbele yangu.

"Jana walichelewa, wanafidia," mwenzake akamjibu, na kile kisehemu chote cha nyuma kikacheka kwa kuficha midomo.

Nilitoka na faili langu. Wivu watu wanausema kama ni moto. Wangu haukuwa moto, ulikuwa njaa. Nilitaka kile kicheko kiwe changu, nilitaka ule ubao uliofutwa vizuri uwe wangu, na nilichukia kwamba kwa miaka mingi nilipewa utani uleule na sikuwahi kuona sura aliyokuwa nayo akiusema, kwa sababu nilikuwa nimeshageukia sufuria.

Jioni nilimsubiri ale kwanza. Mwanamume mwenye njaa hujibu ovyo, nilitaka majibu kamili. Alipomaliza nilimwambia nimeona makabidhiano.

Hakushtuka. Alisukuma sahani mbele kidogo. "Nani kakwambia?"

"Nimeona kwa macho yangu, mwenzangu. Na kama nisingeona, dada yako yupo, na kama dada yako asingekuwepo, wako wanafunzi. Nilibaki peke yangu nisiyejua chuo kizima, na anayekupangia hicho kipindi ni mimi."

"Hakuna kitu," alisema. "Tunasalimiana, anacheka, naondoka. Ni kosa?"

"Si kosa. Tangu lini? Tangu siku ya kikao, alipoucheka utani wako?"

"Tangu ratiba itoke." Akanitazama usoni sasa, na alichosema baada ya hapo hakukisema kwa kunikomoa, na ndiyo maana kiliingia. "Mke wangu, mimi yule mama nilikuwa simjui hata anaingilia lango gani. Siku ya kikao unayosema alicheka, sikumbuki. Nilikuja kumfahamu pale mlangoni. Wewe ndiye uliyetukutanisha."

Ningemwambia nini, kwamba niliwatenga? Nikamwuliza tu kuhusu ule mluzi wa siku ya kikao.

"Mluzi? Siku ile tairi lilikuwa halijapasuka wiki nzima," alisema. "Nilikuwa na furaha na gari."

Nikiri kwamba nilicheka, na yeye akacheka, na kwa muda kidogo tulikuwa mume na mke mezani. Akanishika mkono. Akasema kama jambo hili linaniumiza basi nimhamishe, yeye hana neno. Nimpangie popote, hata kwenye popo. "Nihamishe tu, roho yako itulie. Ndoa yangu ni kubwa kuliko ukumbi." Yalikuwa maneno mazuri. Nililala nayo kama mtoto na shuka jipya.

Kuhamisha mtu katikati ya muhula si mchezo. Ratiba ikishatangazwa siwezi kugusa kitu kwa amri yangu, wala mkuu wa kitivo hawezi. Njia iliyopo ni kubadilishana kwa hiari, walimu wawili wa somo moja wakiweka saini wote. Historia ya Elimu anafundisha mume wangu peke yake, kwa hiyo yeye alikuwa hahamishiki. Lakini Takwimu ina walimu wawili. Kuna mzee mmoja anayekaribia kustaafu aliyekuwa anafundisha mkondo wa pili, kundi jingine la wanafunzi, saa zilezile, kwenye jengo jipya ng'ambo ya uwanja. Wakibadilishana mikondo, miwani nyekundu inakwenda ng'ambo na mlangoni pa Ukumbi Mkubwa anakuja mzee mwenye kikohozi. Sikuwahi kuona suluhisho lililonyooka namna ile.

Nilimweleza mume wangu asubuhi tukivaa. Alisikiliza, akafunga vifungo vya mikono, akasema ni wazo zuri sana, akaondoka mapema kwa sababu ana madaftari ya kusahihisha.

Mzee wa kikohozi alisaini kabla sijakaa. Jengo jipya linamchosha kwa ngazi. Ikabaki saini moja.

Ofisi ya yule mwanamke iko mwisho wa korido ya chini, chumba kidogo kilichokuwa stoo ya viti. Sikuwahi kufika. Nilijiandaa kukuta pazia la maua na marashi. Nilikuta maboksi ambayo bado hayajafunguliwa, mwavuli umening'inizwa kwenye kitasa cha dirisha, na mitihani ya majaribio imetandazwa mezani. Alisimama nilipoingia.

"Karibu, dada. Kaa hapa, hiki kingine kina mguu mbovu."

Nilikaa. Kwa karibu alikuwa na mvi mbele na alama za miwani puani. Hakuwa mzuri kunizidi. Hilo halikunisaidia, maana kama angenizidi ningejua mume wangu kafuata nini. Nilimpa karatasi, nikamweleza kwa sauti ya kiofisi kwamba ni marekebisho madogo kwa ajili ya afya ya mwenzake, magoti, ngazi, na kadhalika.

Aliisoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini. Kisha akaiweka mezani na kuilaza vizuri na kiganja.

"Dada, nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Mumeo alipita hapa asubuhi."

Nilisikia mtu akiburuta meza chumba cha juu. Nikamwuliza alipita kufanya nini, na sauti yangu ya kiofisi ilikuwa imeshanikimbia.

"Alisema utakuja na karatasi hii. Akaniomba nikatae. Akasema nitoe sababu kwamba nimeshalizoea darasa, na kwamba kanuni haikuruhusu kunilazimisha." Hakuwa anafurahia kusema. Alikuwa anaisoma meza. "Akasema wewe amekukubalia, ili nyumbani kuwe na amani."

Vitu vingi vinauma, na nilikuwa nimeviandalia nafasi. Nilikuwa nimejiandaa aniambie wanapendana, nilikuwa nimejiandaa aniambie nina kichaa. Hiki sikukiandalia. Mume wangu alikuwa na ukweli mmoja na uongo mmoja asubuhi ile, akagawa. Mimi nilipata maneno mazuri na mkono wa kushikwa. Ukweli alimpelekea yeye, huku chini, kwenye stoo ya viti. Nilimwonea wivu kwa hilo kuliko kicheko chake na miwani yake yote.

"Ukamjibu nini?" nilimwuliza.

"Nilimwambia nitafikiria." Akatafuta kalamu chini ya mitihani. "Sitakuficha, dada. Zile dakika nilikuwa nazipenda. Mtu akifika mahali pageni haongei na yeyote, anakula peke yake, anaongea na maboksi. Halafu kuna mtu anakufutia ubao na kukuchekesha. Nilikuwa nafika kazini na hamu." Akaipata kalamu. "Lakini leo alipoondoka nilikaa nikajiuliza. Anakwambia wewe hivi, ananiambia mimi vile, halafu sisi wawili ndio tukutane tumalizane, yeye yuko darasani. Sasa siku zamu ya kungoja ukweli itakapokuwa yangu, ataupeleka kwa nani?"

Akasaini. Saini yake ilikuwa fupi, ya mtu mwenye kazi nyingi. Akanirudishia karatasi, akasema anaomba jengo jipya apewe kalamu za ubao, amesikia huko hakuna. Nilimwahidi kalamu. Tulisimama wote wawili, hatukujua tuagane vipi, tukaagana kwa kupeana mkono kama watu waliouziana gari.

Nilipanda ngazi kurudi ofisini na karatasi yangu ikiwa kamili. Nilikuwa nimeshinda. Kila nilichokitaka tangu siku ya kikao nilikuwa nimekishika mkononi kikiwa na saini mbili, na sikuwa na haraka ya kufika.

Mume wangu alikuwa amenitangulia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, ameleta chai kutoka kantini, vikombe viwili, changu amekifunika na sahani kisipoe. Uso alikuwa ameshauandaa, uso wa pole, kichwa amekiinamisha kidogo upande kama tunavyofanya misibani.

"Amekataa, sio?" alisema. "Usijisumbue, mke wangu. Tuvumilie tu, muhula wenyewe unakaribia kuisha."

"Amekubali," nilisema.

Niliweka karatasi mbele yake. Aliangalia saini ya mzee, akaangalia ya chini yake, akabaki hapo hapo. Ule uso wa pole uliondoka. Uliokuja nyuma yake sikuwahi kuuona, si siku tuliyofiwa, si siku aliponyimwa cheo. Alikuwa mtu aliyefika kwenye mlango aliouzoea akakuta umejengewa ukuta.

"Mwenyewe?" aliniuliza. "Hukumwambia kitu?"

"Mwenyewe. Yeye ndiye aliyeniambia mimi."

Alijua nilichoambiwa. Nilimngoja akane, akasirike, aniombe radhi, nilikuwa tayari kupokea chochote. Hakufanya hata kimoja. Alishika kile kikombe chake kwa mikono miwili, macho yakamjaa maji, akageukia dirishani ili nisione. Machozi yale yalikuwa ya yule mwanamke, yote. Mimi nikisafiri wiki nzima kwa mafunzo haniulizi nitarudi lini.

Nilikaa upande wangu wa meza, nikafungua ratiba, nikaanza kuandika mabadiliko.